Kuachiana Ziwa: Mzazi Anapomngoja Mtoto wa Pili

Kiswahili kina usemi unaowataja ndugu wawili waliozaliwa mmoja baada ya mwingine bila wa tatu kupita kati yao: husemwa kwamba wameachiana ziwa. Usemi huu hauhesabu miaka wala hautaji tumbo, bali huupima undugu kwa kitu ambacho ni vigumu kumilikiwa na wawili kwa wakati mmoja, yaani titi la mama, na tena humfanya mkubwa kuwa mtendaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyeachia na mdogo ndiye aliyeachiwa. Ndani yake limo jambo ambalo vitabu vya uzazi hulieleza kwa kurasa nyingi, kwamba mimba ya pili si marudio ya ile ya kwanza bali ni mwendelezo wake, kwani huanza katika mwili, nyumba na moyo ambamo mtoto mwingine amekwisha kupita, na mengi yatakayompata mtoto anayengojwa hutegemea alichoacha yule aliyetangulia, na kama alikiacha kwa wakati wake au alinyang'anywa.

Hata hivyo jamii mara nyingi humtendea mzazi wa mara ya pili kana kwamba hana jipya la kujifunza. Mjamzito wa kwanza huzungukwa na mama, shangazi na kungwi, huulizwa kila asubuhi ameamkaje, huchaguliwa chakula na kukatazwa kubeba ndoo. Mwenzake mwenye mtoto mgongoni huonekana amekwisha kuhitimu, akaachwa aendelee na jembe lake au meza yake ya biashara huku tumbo likikua. Yeye mwenyewe naye, kwa kuwa anaijua foleni ya kliniki na maswali yake, huona hana haraka ya kuianza, na mume aliyemsindikiza safari ya kwanza safari hii hubaki kazini. Imani hiyo ya kwamba aliyezaa mara moja anajua ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari, kwa sababu yapo mambo katika uzazi ambayo hayana nafasi katika mimba ya kwanza na huweza kutokea katika ya pili kwa sababu tu kwamba ya kwanza ilitangulia.

La kwanza kati ya hayo ni muda. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu kupima utafiti uliokuwapo kuhusu nafasi kati ya uzazi mmoja na mwingine, na pendekezo lililotoka ni kwamba mama aliyejifungua mtoto hai angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine, na aliyeharibikiwa na mimba angoje angalau miezi 6. Ikumbukwe kwamba miezi hiyo 24 huhesabiwa tangu kujifungua hadi kushika mimba, si hadi kujifungua tena, nalo ni kosa la hesabu linalofanywa hata na wasomi. Ikijumlishwa na miezi tisa ya ujauzito, watoto wa mzazi aliyelifuata pendekezo hilo hupishana kwa karibu miaka mitatu. Sababu zake zinaeleweka. Mimba moja huhitaji takriban gramu moja ya madini chuma, ambayo ndiyo kiini cha wekundu wa damu, na akiba iliyotumiwa na mtoto, na kondo la nyuma na damu inayopotea siku ya kujifungua hairudi kwa wiki chache za uji na supu, hasa pale ambapo mama anaendelea kunyonyesha na kulima. Folati nayo, vitamini iliyomo katika mboga za majani kama mchicha na ambayo husaidia uti wa mgongo wa mimba changa ufunge sawasawa, huhitaji muda kujazwa upya. Sheria ya kazi ya Tanzania, bila shaka kwa kumfikiria mwajiri zaidi kuliko madini chuma, imeishia karibu na hesabu hiyohiyo, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hutoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja, ndani ya mzunguko wa likizo wa miezi 36.

Muda mrefu kabla ya mapendekezo ya wataalamu, pwani na bara zilikuwa na sheria zao zisizoandikwa. Kubemenda, neno ambalo bado liko hai katika sehemu nyingi za Tanzania, ni kumdhuru mtoto anayenyonya kwa sababu ya wazazi wake kurudiana kimwili mapema mno, au mmoja wao kutoka nje ya ndoa, au mama kushika mimba nyingine kabla mtoto hajapata nguvu za kutembea. Mtoto akikonda miguu, akiharisha mara kwa mara na kuchelewa kusimama wakati wenzake wa rika wanakimbia, majirani hunong'ona kwamba amebemendwa, na mnong'ono huo huwa ni hukumu juu ya wazazi kuliko maelezo ya ugonjwa. Uislamu ulipoenea pwani ulikuja na kipimo kilicho wazi zaidi, kwa kuwa aya ya 233 ya Surat al-Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na katika nyumba nyingi za Waswahili miaka hiyo miwili ndiyo iliyokuwa kalenda ya uzazi.

Desturi ya kubemenda haiwezi kupewa hukumu moja. Kwa upande mmoja ilifanya kazi ambayo leo hufanywa na vidonge, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango, yaani ilimpa mtoto wa kwanza miaka yake na mama mapumziko yake, tena katika jamii ambayo haikuwa na zahanati. Kwa upande mwingine iliweka kosa mahali pasipo kosa, kwa sababu maziwa hutengenezwa kutokana na damu ya mama na hayana njia ya kukutana na manii, na mama aliyeogopa aibu angeweza kumficha mtoto mgonjwa badala ya kumpeleka kutibiwa, hivyo kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi au njaa tupu vikapita nyumbani kwa jina la tabia mbaya. Lakini kiini cha desturi hiyo, kwamba mimba inayokuja mapema humpunguzia haki mtoto aliye kifuani, kilikuwa sahihi, na ushahidi wake mkubwa kabisa ulitoka Afrika Magharibi.

Mwaka 1929 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyesomea Oxford, alipelekwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza kufanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Huko alikutana na watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne waliovimba miguu na uso, nywele zao zikabadilika rangi na kuwa nyepesi, ngozi ikachubuka kama iliyoungua, nao wakawa wanyonge na wenye hasira, na mara nyingi wakafa. Madaktari wa wakati ule walikuwa wepesi kuiita hali hiyo pelagra, maradhi mengine ya upungufu wa chakula, lakini Williams alikataa. Mwaka 1933 aliieleza kuwa ni ugonjwa wa lishe wa watoto waliokuwa wakilishwa uji wa mahindi tu, na mwaka 1935 akaiandikia makala nyingine aliyoipa jina alilolisikia kwa wenyeji wa Accra waliozungumza Kiga, kwashiorkor, ambalo Kiswahili cha kliniki hulitamka kwashakoo. Kwa maelezo yake jina hilo lilikuwa na maana ya ugonjwa anaoupata mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Wataalamu wa leo hawaridhiki tena na maelezo ya kwamba upungufu wa protini peke yake ndio chanzo, lakini hakuna aliyekanusha kile ambacho akina mama wa Accra walikuwa wamekwisha kukiona na kukiweka ndani ya neno moja, kwamba mlango wa ugonjwa huu mara nyingi hufunguliwa siku ambayo mimba ya pili inamwachisha ziwa mtoto wa kwanza kabla hajapewa chakula cha kuliziba pengo lake.

Hapa inafaa kuondoa wasiwasi mmoja ambao huwasumbua wajawazito wengi wanaonyonyesha. Maziwa ya mama aliyeshika mimba hayageuki sumu, na mimba isiyo na matatizo kwa kawaida haidhuriki kwa kunyonyesha; kinachotokea ni kwamba homoni za ujauzito huyapunguza maziwa na kuyabadilisha ladha, na kuelekea mwisho wa mimba titi huanza kutoa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za mwanzo ambayo yamejaa kinga, hivyo baadhi ya watoto huacha wenyewe kwa kuwa hawapati tena walichokizoea. Aliye chini ya mwaka mmoja ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu maziwa bado ni sehemu kubwa ya chakula chake na upungufu huo lazima uzibwe kwa uji ulioongezewa karanga, dagaa wa kusaga, yai au maziwa ya ng'ombe kufuatana na umri. Mkubwa akiendelea kunyonya hata baada ya mdogo kuzaliwa, mchanga ndiye anayetangulizwa titini, kwani yeye hana chakula kingine kwa miezi sita. Wanaoshangaa mimba hiyo imeingiaje ilhali mama alikuwa akinyonyesha hukosea kwa kuamini kwamba kunyonyesha kwa namna yoyote ni kinga. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 waliafikiana kwamba kinga hiyo hufikia asilimia 98 kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja, nayo ni kwamba mtoto hajatimiza miezi sita, hapewi kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama, na hedhi ya mama haijarudi. Sharti moja likivunjika, ulinzi nao unapungua.

Mwili unaobeba mimba ya pili una kumbukumbu. Misuli ya tumbo iliyokwisha kutanuka mara moja haishindani tena, kwa hiyo tumbo huonekana mapema zaidi, na mama anayejua mtoto akicheza huwaje huitambua michezo yake yapata wiki ya 16, wakati katika mimba ya kwanza wengi huingoja hadi wiki ya 18 au 20. Kichwa cha mtoto, ambacho katika mimba ya kwanza mara nyingi hushuka nyongani wiki kadhaa kabla ya uchungu, safari hii huweza kubaki juu hadi uchungu uanze, na mama anayengoja dalili aliyoizoea akapumbazika. Jambo kubwa zaidi ni kasi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, uchungu wenyewe huhesabiwa tangu mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5, na kutoka hapo kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa anayezaa mara ya kwanza na saa 10 kwa aliyewahi kuzaa, huku hatua ya kusukuma ikiwa ndani ya saa tatu kwa wa kwanza na saa mbili kwa wengine. Hizi ni hesabu za juu, na kwa wengi kazi ya mara ya pili huisha mapema zaidi ya hapo. Mwanamke aliyekaa na uchungu usiku kucha na mchana kutwa kwa mtoto wa kwanza huweza kupanga safari ya hospitali kwa saa hiyo ya zamani, akajikuta njiani juu ya bodaboda mtoto akitoka. Kwa anayekaa mbali na kituo, mipango ya usafiri, fedha na mkoba wa kujifungulia inapaswa kukamilika mapema kuliko mara ya kwanza, na kuna swali jipya kabisa ambalo halikuwapo wakati ule, ni nani atakayebaki na mtoto mkubwa ikiwa uchungu utaanza saa nane za usiku. Baada ya kujifungua nako kuna mgeni mwingine, maumivu ya tumbo ambayo wengi huyaita chango, yanayoletwa na mfuko wa uzazi kujikaza urudi katika umbo lake, nayo huwa makali zaidi kwa aliyewahi kuzaa, hasa mtoto anaponyonya, kwa sababu kunyonya huamsha homoni ya oksitosini inayokaza misuli hiyo.

Kumbukumbu nyingine ya mwili imo katika damu, na mfano mzuri wake ni malaria. Vimelea vya Plasmodium falciparum, ambavyo ndivyo vinavyosababisha malaria nyingi Afrika Mashariki, vina uwezo wa kujinata ndani ya kondo la nyuma, kiungo ambacho mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba hajawahi kuwa nacho, kwa hiyo hata aliyezaliwa na kukulia kando ya Ziwa Victoria, mwenye kinga aliyoijenga kwa homa za utotoni, hukutwa na mimba ya kwanza akiwa hana silaha dhidi ya vimelea vya namna hii. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea hivyo hushika kemikali ya kondo iitwayo kondroitini sulfeti A, na tafiti zilizofuata zikaeleza jinsi mwili wa mama unavyojifunza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa damu, dhidi yao kutoka mimba moja hadi nyingine. Mimba ya pili, kwa hiyo, hukuta mwili uliojifunza nusu somo, na ndiyo maana katika maeneo yenye malaria nyingi hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo kwa sababu hiyo huwa kubwa zaidi katika mimba mbili za mwanzo. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria, ambavyo kliniki huvitoa baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, angalau mara tatu kwa nafasi isiyopungua mwezi mmoja, isipokuwa kwa wanaotumia kotrimoksazoli, havikupangwa kwa ajili ya wanaozaa mara ya kwanza peke yao. Hesabu ya chanjo ya pepopunda nayo huendelea kutoka pale ilipoishia: aliyepata dozi mbili katika mimba ya kwanza hupewa ya tatu katika ya pili, hadi zitimie tano, na kadi ya zamani iliyotupwa humfanya muuguzi aanze kubahatisha.

Yapo pia madeni ambayo mtoto wa kwanza humwachia mdogo wake bila kujua. Chembe nyekundu za damu za watu wengi hubeba protini iitwayo Rh, na asiyekuwa nayo huandikwa katika kadi kuwa na damu yenye alama ya kutoa. Waafrika wa namna hiyo ni wachache, lakini wapo. Mama asiye na protini hiyo akibeba mtoto aliyeirithi kwa baba, mtoto wa kwanza kwa kawaida huzaliwa salama, ila wakati wa kujifungua damu yake kidogo huvuja kuingia katika mwili wa mama, nao mwili huo, ukiiona protini ya kigeni, hutengeneza kingamwili dhidi yake. Kingamwili hizo hukaa zikingoja. Mtoto wa pili mwenye damu kama ya mkubwa wake anapokuja, kingamwili hizo hupenya kondo na kuanza kuvunja chembe zake nyekundu, akazaliwa na upungufu mkubwa wa damu na umanjano, au akafia tumboni. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson wa New York waliripoti habari za mwanamke aliyezaa mtoto mfu na kisha akadhurika alipoongezewa damu ya mumewe, nao wakang'amua kwamba mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Ilichukua karibu miaka 30 hadi kazi ya vikundi viwili, kimoja cha Liverpool na kingine cha New York, kuzaa sindano ya kingamwili iitwayo anti-D, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1968, ambayo mama huchomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ili chembe za mtoto zifutwe kabla mwili wake haujazitambua. Dawa hiyo haitengenezwi kiwandani kwa kemikali bali hutolewa katika damu ya watu wenye kingamwili hizo, na Mwaustralia James Harrison, aliyefariki mwaka 2025, alichangia kwa ajili yake zaidi ya mara 1,100. Sindano yenyewe ni ghali na haipatikani katika kila kituo, kwa hiyo kundi la damu ni jambo la kulijua mwanzoni mwa mimba, na mama anayengoja mtoto wa pili ambaye hajawahi kuambiwa kundi lake ana haki ya kuuliza.

Kovu la upasuaji ni deni la namna nyingine. Upasuaji wa kumtoa mtoto si jambo geni katika eneo hili, kwani mmisionari wa tiba kutoka Uingereza, Robert Felkin, alishuhudia mwaka 1879 ukifanywa na mtaalamu wa kienyeji katika nchi ya Bunyoro, Uganda ya leo, kwa kutumia pombe ya ndizi kusafishia, na mama akapona. Miaka 37 baadaye daktari wa New York, Edwin Cragin, aliandika maneno yaliyokuja kushikwa kama kanuni, kwamba aliyepasuliwa mara moja atapasuliwa siku zote, ingawa nia yake ilikuwa kuwaonya wenzake wasikimbilie kisu katika uzazi wa kwanza. Leo inajulikana kwamba wengi wa waliopasuliwa mara moja kwa sababu isiyojirudia, wakijaribu kujifungua kwa njia ya kawaida, hufanikiwa, na kwamba kovu hupasuka kwa takriban mmoja kati ya 200. Lakini huyo mmoja huhitaji chumba cha upasuaji kilicho tayari kwa dakika, kwa hiyo jaribio hilo ni la hospitali, wala halipaswi kufanywa nyumbani au katika zahanati isiyo na daktari. Aliyepata kifafa cha mimba katika uzazi wa kwanza naye hapaswi kunyamaza, kwani ingawa maradhi hayo ya shinikizo la damu huwapata zaidi wanaozaa mara ya kwanza, aliyewahi kuyapata yuko karibu nayo kuliko wenzake, na akijieleza mapema daktari huweza kumwanzishia kidonge kidogo cha aspirini cha kila siku kabla ya wiki ya 20.

Mwili, hata hivyo, ndio upande mwepesi wa kungoja huku, kwa sababu una vipimo. Mtoto mkubwa hana kipimo. Alfred Adler, mwanasaikolojia wa Vienna aliyekuwa yeye mwenyewe mtoto wa pili, alimfananisha kifungua mimba na mfalme aliyeondolewa katika kiti cha enzi, na sura hiyo imeenea sana katika vitabu vya malezi. Inashangaza jinsi ilivyokaribiana na neno la akina mama wa Accra, ingawa yeye alizungumzia wivu na wao walizungumzia miguu iliyovimba. Utafiti uliofuata umeipunguza makali picha yake. Judy Dunn na Carol Kendrick, waliofuatilia familia 40 katika eneo la Cambridge, Uingereza, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1982, waliona watoto wengi wakisumbua baada ya mdogo kuzaliwa, lakini pia waliona kwamba pale mama alipozungumza na mkubwa juu ya mchanga kama mtu mwenye njaa, usingizi na matakwa yake, ndugu hao walielewana zaidi miezi iliyofuata. Brenda Volling wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyezifuatilia familia 241, alikuta kwamba watoto wengi hulivuka badiliko hilo bila matatizo makubwa. Kurudia kukojoa kitandani, kunyonya kidole au kudai kubebwa ni mambo ya kawaida ya wiki kadhaa, nayo hayastahili fimbo.

Kinachoamua zaidi ni namna ya kuachia. Desturi ya kulikiza, yaani kumwachisha mtoto ziwa, kwa kupaka titi shubiri au pilipili, na ile ya kumpeleka mtoto kwa bibi hadi asahau, zote mbili humaliza kazi haraka, na kwa sababu hiyo huvutia sana pale mimba inapofika mwezi wa nane na mama amechoka. Tatizo lake ni saa yake. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuhesabu miezi, lakini anaweza kuunganisha mambo, na kama ziwa limekuwa chungu, kitanda kimehamishwa na yeye mwenyewe ameondoshwa nyumbani, kisha akarudi akakuta mwingine kifuani, hatahitaji Adler amweleze kilichotokea. Mabadiliko hayohayo yakifanywa miezi mitatu au minne kabla, polepole, ziwa la mchana likitangulia kuondoka na la usiku likifuata, na mtoto akirudi kutoka kwa bibi mapema akamwona mama yake bado ana tumbo, yote hayo hupoteza uhusiano wake na mgeni. Mzazi naye ana hofu yake ambayo haitajwi sana, kwamba mapenzi aliyompa wa kwanza hayatabaki ya kumpa wa pili, au kwamba kumpenda wa pili ni kumsaliti wa kwanza. Ni hofu ya mtu aliyekwisha kupenda, na mjamzito wa kwanza haijui.

Katika kipindi hiki baba ana kazi ambayo hakuwa nayo mara ya kwanza. Hawezi kunyonyesha mchanga, lakini anaweza kumwogesha, kumlisha na kumlaza mkubwa, na akianza wakati mimba ingali changa, mtoto huyo atakuwa na kifua cha pili cha kulalia siku ambayo cha kwanza kitakuwa na mtu. Sheria haimsaidii sana, kwani Tanzania humpa mfanyakazi siku tatu za likizo ya uzazi wa mkewe, muda ambao kitovu cha mtoto hakijaanguka, Uganda humpa siku nne za kazi, na Kenya, iliyo karimu zaidi kati ya hizo tatu, wiki mbili.

Mtoto wa pili anapofika huwa na mengi ya kurithi, nguo, beseni, kanga za ubeleko, na pengine jina. Miongoni mwa Agikuyu wa Kenya, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu wa upande wa baba na wa pili la babu wa upande wa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi, kwa hiyo ukoo wa mama huweza kumngoja mtoto wa pili kwa hamu kuliko ulivyomngoja wa kwanza. Lakini kuna jina moja asilolipata. Mwanamke aliyezaa Rehema huitwa Mama Rehema kuanzia siku hiyo, na mumewe Baba Rehema, na kuzaliwa kwa Juma hakubadilishi kitu mtaani, sokoni wala msikitini au kanisani. Rehema ameliacha ziwa lakini jina limebaki lake, na hata Juma atakapokuwa mtu mzima mwenye ndevu, jirani atakayebisha hodi mlangoni atamtuma amwite Mama Rehema.